Ile gh ya night na light ilikuwa kh yetu

Kuna kundi la maneno mafupi ya Kiingereza ambalo humsumbua kila mwanafunzi tangu siku anapolikuta ubaoni kwa mara ya kwanza: night, light, right, sight, might, fight, bright, tight, knight. Yote yanaishia kwa herufi nne zilezile, i, g, h na t, na yote yanatamkwa kana kwamba g na h hazipo. Walimu wengi hulimaliza jambo hilo kwa kusema kwamba herufi hizo ni bubu na kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Naandika makala haya kwa sababu jibu hilo halitoshi, na kwa sababu sisi watu wa Tanga, pengine kuliko Waingereza wengi wa leo, bado tunaweza kuitoa sauti iliyokuwa imekaa ndani ya herufi hizo. Sauti hiyo ni kh, ile ya kheri, khofu na Khamisi.

Swali niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika darasa dogo la jioni ninaloliendesha barazani, huku Chumbageni. Alikuwa amekwisha kunakili orodha yote daftarini, akainua kichwa na kusema, "Mwalimu, kama hazitamkwi, si wangezifuta tu?" Niliona ni swali la haki kabisa, kwa kuwa mtoto aliyelelewa na tahajia ya Kiswahili, ambamo kila herufi ina kazi yake, lazima ashangae kuona herufi zinakaa bure. Wenzake walikuwa wamejaribu kuzitamka, nao walizitamka kwa gh ya lugha na ghali, kwa sababu ndiyo gh wanayoijua. Walikuwa karibu sana na ukweli. Gh ya lugha na kh ya kheri hutokea mahali pamoja, nyuma kabisa ya kinywa, na tofauti yake ni kwamba ya kwanza hutetemesha koo ilhali ya pili ni pumzi tupu inayosugua ikitoka.

Nilimwomba kijana mmoja anayekwenda chuoni kusoma Kurani kila alasiri, ambaye kwa hiyo anaijua herufi khaa ya Kiarabu na haichanganyi na haa, aseme masalkheri kama anavyomwamkia bibi yake. Alipofika kwenye kh nilimwambia asimame hapo hapo, aweke kiganja mbele ya mdomo na aendelee kuisukuma pumzi. Kisha nikamwambia atamke ni, aiunganishe na pumzi ile, na aifunge kwa t kavu isiyo na irabu nyuma yake. Ikatoka nikht. Darasa zima lilirudia, wakaendelea na rikht, mikht na sikht, na kila mmoja akasikia kwamba herufi za ubaoni sasa zinalingana na kilichomo mdomoni. Mwingereza wa zama za mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, angeyatambua maneno hayo bila taabu, ingawa yeye angeilainisha kh kidogo baada ya i, kama Mjerumani wa leo anavyoilainisha katika neno lake ich.

Katika Kiingereza cha Kale maneno hayo yaliandikwa niht, riht na miht, kwa h moja iliyosomwa kwa nguvu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, uandishi uliingia mikononi mwa watu waliozoea tahajia ya Kifaransa, na katika karne zilizofuata h hiyo ikaandikwa kwa namna mbalimbali hadi gh iliposhika. Kwa hiyo gh haikuwekwa ili kuwatesa watoto. Iliwekwa na watu waliokuwa wakiisikia sauti na wakitafuta namna ya kuiandika. Sauti yenyewe ilianza kufifia kusini mwa Uingereza katika karne ya 15, na kufikia karne ya 17 ilikuwa imetoweka London. Wakati huohuo ufundi wa kupiga chapa ulikuwa umeingia, kwani William Caxton alifungua karakana yake Westminster mwaka 1476, na chapa ikazikamata herufi mahali zilipokuwa huku ulimi ukiendelea na safari yake.

Ilipotoka kh, irabu iliyokuwa mbele yake ilirefuka, nikht ikawa niit. Kisha likaja badiliko kubwa la irabu ndefu za Kiingereza, lililochukua takriban miaka mia tatu kuanzia karne ya 15, ambalo liligeuza ii kuwa ai. Ndiyo sababu leo night inatamkwa nait na inaleta kina kimoja na bite, neno ambalo halikuwahi kuwa na kh hata siku moja. Uskochi haikufuata mkondo huo wote, na hadi sasa wapo Waskochi wanaosema nicht na bricht kwa sauti ya zamani. Kwenye maneno mengine, kama laugh, rough na enough, kh haikufa bali iligeuka f, lakini hayo ni ya kundi jingine na sitayafuata hapa.

Sisi nasi tumeipoteza kh kwa njia yetu. Kiswahili sanifu kinaandika habari, heri, hatari, hofu na hamsini, ambayo yote yalitoka Uarabuni yakiwa na kh mwanzoni, na vijana wengi wa bara hawajawahi kuisikia ikitamkwa. Huku Mwambao bado ipo vinywani mwa wazee na mwa watoto wa chuoni, na ninapenda ibaki. Kiingereza kiliinyamazisha sauti kikaiacha herufi, nasi tumeibadilisha sauti na herufi pamoja, jambo linalofanya tahajia yetu iwe rahisi zaidi na kumbukumbu yake iwe fupi zaidi.

Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, hawakuiacha. Usiku kwao ni Nacht, nuru ni Licht, haki ni Recht, nguvu ni Macht, nane ni acht, na herufi ch katika maneno hayo husimama palepale ambapo Kiingereza kimesimamisha gh. Maneno hayo yalisemwa hapa mjini Tanga, na watu walioanza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893 na waliotuachia neno shule. Nikiwaandikia wanafunzi safu mbili ubaoni, ya Kiingereza upande mmoja na ya Kijerumani upande wa pili, wao wenyewe hugundua kanuni kabla sijaitaja. Ugunduzi huo naupenda kuliko maelezo yangu yoyote, kwa kuwa ni njia ileile waliyopita wataalamu. Jacob Grimm, anayejulikana zaidi kwa hadithi alizozikusanya pamoja na ndugu yake, alieleza mwaka 1822 jinsi konsonanti za lugha za Kijerumani zinavyolingana kwa utaratibu na za Kilatini na Kigiriki. Mahali ambapo Kilatini kina sauti k ikifuatwa na t, lugha hizo zina kh ikifuatwa na t. Rectus ya Kilatini, yenye maana ya kilichonyooka, ni ndugu wa right. Octo ni ndugu wa eight. Noctis ni ndugu wa night.

Katika kundi lote, neno lenye safari ndefu kuliko mengine ni knight. Zamani liliandikwa cniht na kila herufi ilisomwa, k, n, i, kh na t. Maana yake ilikuwa kijana wa kiume, kisha kijana anayetumika nyumbani kwa mtu. Baada ya utawala wa Wanormani, waliotumikia wakubwa kwa silaha na farasi waliitwa kwa neno hilo, cheo chao kikapanda, na neno likapanda nao hadi likawa heshima anayoitoa mfalme mwenyewe kwa kumgusa mtu begani kwa upanga. Kijerumani kina neno hilohilo, Knecht, lakini kule halikupanda, na hadi leo lina maana ya mtumishi wa shamba au wa kazi za mikono. Maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja, moja likaingia ikulu na jingine likabaki zizini, na hakuna tofauti ya asili iliyosababisha hilo isipokuwa historia ya watu walioitwa kwa majina hayo. Huku kwetu neno boi, lililotoka Kiingereza likiwa na maana ya mvulana, lilishuka likawa jina la mtumishi wa nyumbani hata akiwa mzee mwenye wajukuu. Nikiwaeleza wanafunzi habari za cniht huwa siachi kuwataja akina boi, kwa sababu neno ambalo mtu huitiwa kazini linaweza kumpandisha au kumnyima utu wake.

Sasa nije kwenye jambo linalozunguka katika makundi ya WhatsApp, ambalo nimeletewa na wanafunzi na hata na walimu wenzangu. Ujumbe huo unasema kwamba katika lugha nyingi neno la usiku ni herufi n ikifuatwa na neno la nane. Unatoa mifano: night na eight, Nacht na acht ya Kijerumani, nuit na huit ya Kifaransa, noche na ocho ya Kihispania, noite na oito ya Kireno, notte na otto ya Kiitaliano. Kisha unadai kwamba n ni alama ya kisichokuwa na mwisho, kwamba 8 nayo ni vivyo hivyo, na kwamba wahenga walificha siri humo. Mifano yenyewe ni ya kweli, na ndiyo maana ujumbe unavutia. Kireno tena kinatuhusu, kwa kuwa mabaharia wa Vasco da Gama walikwama kwenye miamba ya Mtangata, kusini mwa mji wetu, mwaka 1498, na wakati wa kurudi, mwaka 1499, waliichoma moto papo hapo merikebu yao São Rafael kwa kukosa watu wa kutosha kuiendesha. Maneno noite na oito bila shaka yalisemwa kwenye maji yetu miaka mia tano iliyopita.

Lakini siri haipo. Lugha zote zilizotajwa zimetoka katika lugha mama moja, iliyokuwa na neno la usiku na neno la nane ambayo yalikaribiana kwa sauti, na kila lugha ilipobadilisha sauti zake iliyabadilisha yote mawili kwa kanuni moja. Ushahidi unaonitosha mimi uko India. Katika Kisanskriti, ambacho kimetoka katika lugha mama hiyohiyo, usiku ni naktam na nane ni ashtau. Hapo hayafanani tena, kwa sababu k ya neno la usiku na k ya neno la nane zilikuwa sauti mbili tofauti tangu mwanzo, ambazo Kilatini na Kijerumani ziliziunganisha na Kisanskriti kikazitenga. Mtu wa Tanga hahitaji kwenda mbali kulisikia hilo, maana Mgujarati mwenye duka akihesabu kwa lugha yake, nane husema aath, neno lililochipuka kutoka katika ashtau, lakini usiku husema raat, neno la asili nyingine kabisa. Kama kungekuwa na siri iliyofichwa na wahenga, ingekuwa imewafikia na hawa. Natumia muda mwingi kwenye jambo hili kwa sababu naamini mwanafunzi aliyejifunza kuipima asili ya neno kwa kanuni hataweza tena kudanganywa kwa mifano iliyochaguliwa.

Hata hivyo, usiku wa Kiingereza una jambo jingine la kweli na lenye kupendeza zaidi. Waingereza huita muda wa majuma mawili fortnight, na neno hilo ni kifupisho cha usiku kumi na nne. Tacitus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karne ya 1, aliandika kwamba makabila ya Kijerumani ya zama zake yalihesabu usiku na si mchana, kwa kuwa waliona usiku ndio unaotangulia. Hapa kwetu siku huanza magharibi jua likizama, na mzee akikwambia njoo usiku wa Ijumaa, kijana asiyejua huenda Ijumaa jioni akakuta shughuli imekwisha, kwa sababu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Babu zao Waingereza wangefika kwa wakati.

Right nayo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Maana ya mwanzo ni kilichonyooka, na kutoka hapo zimetokea maana za sahihi, haki, na mkono wa kulia, yaani mkono ulionyooka kwa kazi. Kiswahili kimeutazama mkono huohuo kwa jicho jingine kikauita mkono wa kulia, maana ndio tunaolia chakula, au mkono wa kuume. Anayefanana na right kwa sauti lakini si ndugu yake ni wright, na huyo ni fundi. Zamani alikuwa wyrhta, neno lililotokana na lile lililozaa work, yaani kazi, na r yake ilihama ikapita mbele ya irabu. Aliyeunda merikebu aliitwa shipwright, na mtunzi wa tamthilia hadi leo ni playwright, kwa tahajia ya fundi na si ya mwandishi, jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosea katika kila mtihani hadi siku wanapoelezwa kwamba tamthilia huundwa kama chombo. Jina la ukoo la Wright lina maana hiyohiyo ya fundi, na Orville na Wilbur Wright, walioirusha ndege yao mwaka 1903, walilibeba kwa haki.

Tight ililetwa Uingereza na watu wa kaskazini waliovamia na kukaa huko, nayo katika lugha yao ilihusu kitu kilichobana kisichopenyeza maji. Fundi wa majahazi anayesukumia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, kazi tunayoiita kalafati, anaitafuta maana hiyo ya kale kabisa ya neno. Nalo limekwisha kuingia Kiswahili kwa mlango mwingine, kwenye taiti zinazouzwa soko la Mgandini. Slight, yenye maana ya dogo au hafifu, nayo ilitoka kaskazini, ambako ilimaanisha laini na sawasawa, na ndugu yake wa Kijerumani, schlecht, ameishia kumaanisha baya.

Light ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza, la nuru, ni ndugu wa lux ya Kilatini. La pili, la wepesi, ni ndugu wa leicht ya Kijerumani na, kwa njia ambayo wengi hawaitarajii, ni ndugu wa lung, yaani pafu. Mapafu yaliitwa hivyo kwa wepesi wake, na wachinjaji wa Uingereza walizoea kuyaita mapafu ya mnyama kwa neno hilohilo la light likiwa katika wingi. Anayetaka kuithibitisha etimolojia hiyo na apike supu ya mapupu, aone nyama nyingine zinavyozama na mapupu yanavyoelea juu ya sufuria hata yakisukumwa kwa mwiko.

Bright ilikuwa beorht, kabla r haijahama kama ilivyohama katika wright, na maana yake ni kung'aa. Katika majina ya watu ya lugha hizo, kipande hicho kilibaki mwishoni kikiwa bert. Albert ni mwenye kung'aa kwa ubora wa nasaba, na Robert ni mwenye kung'aa kwa sifa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, alibeba kwa hiyo mwezi wa Kiislamu katika jina lake la kwanza na bright ya kale katika la pili, na kwa mtu ambaye sifa yake bado inawaka kila panaposomwa Kiswahili, sijui jina gani lingemfaa zaidi.

Limebaki neno moja ninaloliandika peke yake, upande mwingine wa ubao, kwa sababu halikuzaliwa katika ukoo huu. Delight, yaani furaha kubwa, lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa delit, na nyuma yake kuna delectare ya Kilatini. Kwa karne kadhaa Waingereza waliliandika bila gh, kama ilivyostahili, maana halikuwahi kutamkwa kwa kh kinywani mwa Mwingereza yeyote. Katika karne ya 16 waandishi walilifananisha na light, wakalivika herufi ambazo si zake, na hazijavuliwa hadi leo. Wenzake ni haughty, yenye maana ya kujivuna, iliyotoka katika haut ya Kifaransa, na sprightly, iliyotokana na sprite, yaani pepo mchezi. Wapo wanafunzi wanaoniuliza kama kh tunayoiandika katika khanga ni ya aina hii, nami huwajibu kwamba hapana, kwa kuwa h ya khanga inaonyesha pumzi inayoifuata k, na pumzi hiyo ipo, wazee wa Mwambao wanaitoa na kuisikia. Gh ya delight haionyeshi kitu chochote kilichowahi kutamkwa.